Vipimo vya Mteja Asiye na Mgongo

Kwenye kazi yetu mtu huanza kwa kuwa karatasi. Kabla sijauona uso wake nimeshamjua shingo, bega, kifua, kiuno, nyonga, mkono, na mwisho kabisa mgongo. Baba ndiye aliyenifundisha mpangilio huo, na haubadiliki: namba saba kwa penseli kwenye kipande cha karatasi ya kaki, na juu yake lakabu ya mteja. Majina Baba haandiki. Anasema mkasi haujui kusoma jina.

Mimi ndiye mkataji wa karakana yetu, huu mwaka wa nne, na sijisifu nikisema mtaa mzima sina mpinzani. Haya, najisifu kidogo. Nipe vipimo vyako nikuambie unabebea mkoba bega gani, kazini unakaa au unasimama, na kama unene wako ni wa juzi au ulizaliwa nao. Mama Vifungo, anayeshona matundu ya vifungo hapa tangu mimi natambaa chini ya meza, husema ningekuwa mganga ningekula vizuri zaidi.

Wapo wateja wa zamani wasiouamini mkono wa mwanamke. Hao huenda nyumbani kwa Baba, mitaa miwili kutoka karakana, akawapima sebuleni. Karatasi inaletwa kwangu pamoja na kitambaa, mimi nakata, tunalipiga koti bandi, yaani tunalishikiza kwa nyuzi ndefu za muda, kisha linarudi kwa Baba. Mteja analijaribu, Baba anachora kwa chaki pale panapobana na pale panapopwaya, na koti linarudi tena kwangu. Wateja wenyewe siwaoni hata siku moja. Nawaita wachumba wangu wa barua.

Karatasi ya huyu ilikuja Jumatatu asubuhi, imekunjwa ndani ya kitambaa cha sufu cha rangi ya majivu. Lakabu yake ilikuwa Mgeni. Nikaipitia kwa jicho moja nikaangua kicheko.

"Nini tena?" akauliza Mama Vifungo.

"Njoo umwone mtu. Shingo thelathini na sita, kifua tisini, kiuno sabini na sita, halafu mkono mrefu kama wa pande la mtu. Huyu hakuzaliwa hivi. Huyu ameyeyuka."

"Maskini. Mgonjwa labda."

"Mgonjwa atashona suti ya nini? Huyu hali tu. Tena tazama, bega la kulia limeshuka sentimita mbili. Seremala huyu, ameranda mbao maisha yake yote. Siku akipiga chafya hapa mlangoni tutamwokota barabarani."

Mama Vifungo alicheka mpaka akaweka sindano chini. Mimi nikaendelea kusoma, na nilipofika mahali pa namba ya saba nikanyamaza. Hapakuwa na namba. Penye mgongo palikuwa peupe.

Jambo hilo halikuwahi kutokea. Baba angeweza kusahau siku ya harusi yake, na marehemu Mama alikuwa akiapa kwamba nusura aisahau, lakini mgongo wa mteja hausahau. Koti zima linaning'inia mgongoni. Ukikosea hapo umeshona gunia lenye mikono. Nikaguna, nikasema mzee ameanza kuchoka. Mama Vifungo akasema miaka sabini na nne si mchezo. Tukakubaliana hivyo, sisi wataalamu wawili, kwamba tatizo ni umri.

Saa kumi nikaenda kumgombeza.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, Bi Maneno."

Nilimkuta kwenye kiti chake karibu na dirisha, cherehani yake ya kukanyaga iko pembeni. Shati lilikuwa limemkaa sawasawa, kola haikupwaya hata upana wa kidole, na koti lake jepesi la nyumbani lilijaa vizuri mabegani. Nusu ya uso ilikuwa ndani ya ndevu alizoziachia tangu tumzike Mama, mwaka mmoja na nusu nyuma. Nilimtazama kama ninavyomtazama kila mtu, yaani niliitazama nguo inavyomkaa. Ilimkaa vizuri, nami nikaridhika.

"Mteja wako hana mgongo," nikamwambia.

"Nilisahau."

"Wewe usahau mgongo?"

"Ndio uzee huo, mwanangu."

"Basi mwite arudi umpime."

"Amesafiri. We bahatisha tu. Mkono wako unajua."

Sifa hiyo ilinilainisha, maana Baba hasifii ovyo. Nikavuta kigoda, nikaanza porojo zangu. Nikamwigizia Mgeni anavyotembea akishikilia suruali isimwanguke, nikamwigizia anavyopepesuka feni ikiwashwa. Baba alinitazama bila kucheka. Sikushangaa, kwa sababu Baba si mtu wa kicheko.

"Kwani huyu mteja wako anaishi na nani?"

"Peke yake."

"Hana watoto?"

"Wa kiume yuko mbali. Binti yuko karibu."

"Binti yuko karibu, na baba yake amekuwa fito? Basi huyo binti ni kipofu."

Baba akageukia dirisha. "Hapana," akasema. "Ana macho mazuri sana."

Nikambishia. Nikasema watoto wa siku hizi wanajua kuwapiga picha wazazi wao, kuwatazama hawajui. Kisha nikaaga, nikachukua chombo cha chakula nilichomwachia mlangoni asubuhi nikiwahi kazini. Nilifanya hivyo kila siku: asubuhi nakiacha kimejaa, jioni nakichukua kitupu, kimeoshwa hadi kinang'aa. Njiani nikasema moyoni, angalau wangu anakula.

Koti lilirudi Alhamisi, kabla ya saa sita. Nikalitandaza mezani, nikawasha taa ya juu.

Chaki ya Baba naijua kama watu wanavyojua mwandiko. Ni mstari mmoja, hauinui mkono, umekwenda ulipokuwa unakwenda. Upande wa kushoto wa koti ulikuwa hivyo. Mkono wa kulia ulikuwa na mistari iliyotetemeka, imekatikakatika, imerudiwa mara tatu kama ya mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Nikaligeuza koti. Mgongoni hapakuwa na alama hata moja. Na mgongo ule niliukata kwa kubahatisha. Haiwezekani ukawa sawa mara ya kwanza, hata mimi na majivuno yangu siwezi kuamini hilo.

"Mama Vifungo, mtu anachoraje vizuri upande huu, halafu upande huu anavuruga?"

"Huku amechora kwa kushoto."

"Kwa nini achore kwa kushoto?"

Mama Vifungo akaunyoosha mkono wake wa kulia kama mtu anayejaribu koti. Akawa anautazama, anatafuta namna ya kuufikia. Mkono wa kushoto ukanyanyuka wenyewe, ukaja ukatua juu ya ule wa kulia. Tukatazamana.

Kinyozi hajinyoi, na fundi hajipimi mgongo. Mikono haifiki. Hilo ndilo jambo la kwanza mwanafunzi huambiwa anapopewa futi ya kupimia, na mimi niliambiwa nikiwa na miaka kumi na miwili. Sikutaka kuliwaza. Nikaenda kabatini kama mtu anayeenda kutafuta uzi, nikatoa daftari la mwaka ule kaka yangu alipooa, miaka tisa nyuma, tulipomshonea Baba suti. Shingo arobaini na mbili. Kifua mia na kumi. Kiuno mia na mbili. Nikaanza kupumua, kwa sababu hizo hazikuwa namba za Mgeni hata kidogo. Halafu jicho langu likashuka kwenye mkono.

Mtu akikonda, shingo hupungua, kifua hupungua, kiuno hupungua. Mkono haupungui. Mfupa ni mfupa. Mkono wa Baba ulikuwa sentimita sitini na tatu na nusu. Nikachukua karatasi ya kaki. Sitini na tatu na nusu.

Sijui niliweka wapi daftari. Najua nilisikia sauti yangu mwenyewe ikisema "siku akipiga chafya tutamwokota barabarani", sauti ya Jumatatu, ya kicheko. Nilimtukana baba yangu mbele ya uso wake kwamba binti yake ni kipofu, naye akanitetea. Niliondoka na koti mkononi, nyuzi za bandi zinaning'inia, sikuaga wala sikuvua aproni. Nyuma yangu nilimsikia Mama Vifungo akiita jina la Mungu polepole, mara tatu.

Nyumba iliyo jirani na ya Baba inaongezwa ghorofa. Nilipokata kona niliwaona waashi watatu wamekaa juu ya ubao, wanakula. Ningewapita. Kilichonisimamisha ni chombo kilichokuwa katikati yao. Kilikuwa cha bluu, kifuniko chake kimefungwa waya mahali pa mshikio uliovunjika, na waya ule niliufunga mimi.

"Karibu, mama," akasema mkubwa wao, akijisogeza.

"Hicho chombo mmekitoa wapi?"

"Kwa mzee hapa. Hutugawia kila siku, mwaka unaisha sasa. Mungu ambariki, na ambariki anayempikia." Akalamba kidole. "Ila juzi chumvi ilizidi kidogo."

Mwaka mzima. Mwaka mzima nimekuwa nikiamka saa kumi na moja alfajiri kuwapikia waashi watatu, na nilipokuwa nikipokea chombo kitupu nilikuwa nikijiona mwana mwema. Yule mkubwa aliona uso wangu, akafunika chombo taratibu kama mtu aliyekamatwa na mali ya wizi, na masikini hakuwa ameiba chochote.

Niliingia bila hodi. Baba alikuwa amesimama na kikombe cha chai ya rangi. Akaliona koti mkononi mwangu, kisha akaniona mimi, akaweka kikombe chini.

Nilifanya jambo ambalo sijawahi kulifanya. Nilishika ubavu wa shati la baba yangu nikaupindua nje, kama ninavyopindua nguo ya mteja kutazama kazi ya fundi mwingine. Ndani palikuwa na kitambaa kilichokunjwa juu ya kitambaa. Nikahesabu mishono. Ilikuwa minne, mmoja nyuma ya mwingine, kila mmoja umeingia ndani kidogo kuliko uliotangulia, yote imenyooka, yote imepigwa pasi. Amekuwa akipungua na kujipunguzia nguo, akipungua na kujipunguzia nguo, ili mimi nisione pahali panapopwaya. Alijua natazama nini. Yeye ndiye aliyenifundisha kutazama hivyo. Nikaweka kiganja begani mwake na bega likabonyea, lilikuwa pamba tupu iliyoshindiliwa chini ya bitana, na chini ya pamba nikakutana na mfupa. Nikauondoa mkono wangu kama niliyegusa pasi.

"Mgeni ni wewe," nikasema.

Hakukana. "Mgongo ulinishinda," akasema.

"Unataka kujiua, Baba?"

"Sijiui." Akakaa. Alikaa kwa vituo viwili, kama mtu anayeteremka ngazi. "Nimeacha tu."

"Umeacha nini?"

"Kula. Kutoka nje. Usingizi umeniacha wenyewe. Nikiamka naiona siku imekaa pale mbele yangu, ndefu, na sina pa kuishikia. Chakula nikikiweka mdomoni ni kama natafuna kitambaa. Nikaona watu wa ghorofa wana njaa ya kweli."

"Na suti hii ya nini?"

"Miaka hamsini nimewavisha watu wa hapa." Aliongea kama anayeeleza kazi ya kesho. "Sitaki waje kuniaga nimelala ndani ya koti linalopwaya. Watasema, fundi gani huyu."

Nikampigia kelele. Ningependa kusema nilimkumbatia, lakini nilimpigia kelele, nikamwita mwongo, nikamwita mchoyo, nikamuuliza kama alidhani mimi nina mawe kifuani. Ilikuwa ni hofu tu, na aibu, na aibu ilikuwa kubwa zaidi. Yeye alinisubiri nimalize. Nilipomaliza akaniambia nivue aproni, nina sindano kifuani, nitajichoma.

Sikurudi karakana siku ile. Nilikaa naye, nikamnywesha uji kijiko baada ya kijiko, akameza nusu kikombe ili ninyamaze. Nikampigia kaka yangu. Kaka akalia kwenye simu, kisha akasema ni msiba wa Mama, wazee wakifiwa ndivyo walivyo, wanamfuata mwenzao, tuombe tu. Nami nilikuwa na wazo hilohilo. Kila kitu kilikuwa kinaelekea kwa Mama. Nilijiambia nikimpa Baba mtu wa kuzungumza naye juu ya Mama atarudi kuwa sawa.

Asubuhi nikampeleka hospitali. Walimpima damu, mkojo, kifua, wakamweka kwenye mizani, na muuguzi akarudia kuisoma mizani mara mbili. Halafu wakatutuma chumba cha mwisho cha ukumbi. Baba akasoma kibao cha mlangoni, akasimama.

"Hapa ni kwa wagonjwa wa akili. Mimi si kichaa."

Daktari alikuwa ameshafungua mlango. Alikuwa mwanamke wa kuweza kuwa mdogo wangu, ana viatu vya raba na kalamu nyuma ya sikio. "Shikamoo, mzee wangu. Ningekuwa naona vichaa tu ningekuwa nafunga saa tatu asubuhi. Karibu ukae, wewe hapa, binti pale."

Baba akakaa, nadhani kwa sababu ya ile shikamoo. Daktari hakuanza na maradhi. Alimuuliza alikuwa akifanya kazi gani, anaamka saa ngapi, mara ya mwisho kucheka ilikuwa lini na nani alimchekesha. Baba alijibu kwa kifupi, kama anayesoma vipimo. Kisha daktari akauliza, bila kubadilisha sauti, "Kuna wakati unaona heri usingeamka?"

"Kila asubuhi."

Nilishika ukingo wa kiti. Alisema "kila asubuhi" kama watu wanavyosema wanakunywa chai.

"Tangu lini, mzee wangu?"

Nilijua jibu. Nilikuwa tayari hata na leso ya kumpa, kwa ajili ya Mama. Baba akanitazama mimi kwanza, kama anayeomba radhi, halafu akamtazama daktari.

"Tangu huyu aliponitoa mkasi."

Sikuelewa. Nilidhani amechanganyikiwa, nikataka kumsahihisha, nikafungua mdomo. Daktari akaninyooshea kidole kimoja tu, nami nikaufunga.

"Nilikuwa nakata koti," akasema Baba. "Mkono nikaukata mfupi, sentimita nne nzima. Mteja alikuwa amesimama palepale. Huyu akaja, akanitoa mkasi vidoleni, taratibu kabisa, akasema, Baba, umefanya kazi ya kutosha, pumzika sasa. Na mteja akasema, ee, mzee apumzike. Walikuwa wapole sana. Hakuna aliyeniambia nimekosea." Akajipangusa magoti. "Mtu akikosea anaambiwa. Mimi sikuambiwa. Nikajua nimekwisha."

Naikumbuka siku hiyo. Naikumbuka vizuri kwa sababu nilikuwa nikiisimulia kwa watu. Nilikuwa nikisema, mimi nilimpumzisha baba yangu kabla kazi haijamuua, wengine wanawaacha wazee wao wanasota. Mama Vifungo alinipongeza. Hiyo ilikuwa miaka mitatu na nusu nyuma. Mama alikuwa hai, mzima, na aliishi miaka miwili zaidi.

"Mama alijua?" nikamuuliza.

"Yeye ndiye aliyekuwa akinilisha. Alikuwa ananikaripia mpaka nimalize. Alipoondoka hakukuwa na wa kunikaripia."

Hakusema kwa uchungu. Angesema kwa uchungu ningejua la kumjibu, mimi sikosi la kujibu. Nilikaa pale na leso yangu, natazama viatu vya raba vya daktari.

Daktari alitueleza. Alisema ugonjwa huo unaitwa sonona, si uzee na si ukaidi, na kwamba kuzeeka hakumfanyi mtu aache kutaka kuishi. Atampa dawa, lakini dawa itachukua wiki kadhaa kabla hajaisikia. Baba awe anakuja kuzungumza naye kila Jumanne. Mpaka hapo Baba asikae peke yake, hata siku moja, na mimi nikiona amebadilika ghafla nisingoje Jumanne. Kisha akamuuliza Baba anataka nini.

"Kazi," akasema. "Hata kama nakosea."

Nilimhamishia kwangu jioni ileile. Wiki ya kwanza alikula kwa kuwa nilikaa mbele yake nikimhesabia vijiko. Wiki ya pili alilala saa nne mfululizo, nami nilikesha mlangoni nikimsikiliza kama anapumua. Wiki ya tatu, Jumatano, nikaja naye karakana.

Mama Vifungo alikuwa amemwandalia kiti chenye mto. Baba akakipita, akaenda kusimama mezani, upande wangu wa meza. Nilikuwa nimemwekea mabaki ya vitambaa ajizoeze. Akayasukuma kando kwa nyuma ya kiganja.

"Mimi si mtoto wa kuchezea vipande. Ipo kazi hapa au haipo?"

Ilikuwepo suruali ya mteja wa Jumamosi, kitambaa alichokileta mwenyewe, kizuri, kisichopatikana tena dukani. Nilijua sipaswi. Nikamtandazia. Nikamwekea na mkasi mkubwa, ule mzito, nikauweka mezani, sikumpa mkononi.

Alichora vizuri. Chaki haikutetemeka. Lakini mkasi una uzito wake, na mkono wake ulikuwa na nyama gani ya kuubeba. Alipofika pajani mkasi ulitikisika, ukatoka nje ya mstari, ukaingia ndani ya mguu wa suruali, sentimita tatu, labda nne. Nilisikia sauti ya kitambaa kizuri kikikatwa mahali pasipostahili. Cherehani ya Mama Vifungo ikasimama.

Baba hakuinua kichwa. Aliacha mkasi palepale, makali yamefunguka katikati ya kitambaa, na vidole vyake bado viko ndani ya pete za mkasi. Alikuwa anasubiri. Mabega yake yalikuwa yananisubiri mimi. Na upole wote ulikuwa tayari mdomoni mwangu, si kitu Baba, hata mimi hukosea, kaa kidogo unywe chai. Nilikuwa na maneno hayo yote, na mkono wangu ulishaanza kwenda kwenye mkasi. Niliuona ukienda. Niliushika kwa mkono mwingine nikaurudisha tumboni.

"Umekosea," nikamwambia.

Mama Vifungo akavuta pumzi.

"Naona," akasema Baba.

"Kitambaa kilichobaki kinatosha mguu mmoja tu. Mteja anakuja Jumamosi. Kata tena."

Akainua uso, akanitazama. Sikumbuki ni lini mara ya mwisho nilimtazama baba yangu usoni kwa muda ule bila kushuka kwenye kola. Macho yake yalikuwa mekundu na yenye hasira, hasira hasa, ya fundi aliyeharibu kazi, na nilishtuka, maana sikuwa nimeiona kwa miaka mitatu na nusu wala sikujua kwamba imepotea. Akavuta kipande kilichobaki, akakinyoosha kwa viganja vyote viwili.

"Basi sogea," akasema. "Unanizibia mwanga."

Nikasogea.